Kupiga picha chini ya maji: anza na mwili wako, kamera baadaye

Umeuliza ununue kamera gani kabla ya kwenda kwenye mafunzo ya wiki moja ya kupiga picha baharini, nawe ndiyo kwanza umepata cheti cha uzamiaji. Ndugu yangu, kamera yoyote ndogo yenye kasha lisilopitisha maji inakutosha. Kinachonipa wasiwasi ni kuelea kwako. Mzamiaji asiyeweza kutulia mahali pamoja bila kupiga mapezi hutimua mchanga, huharibu picha za wenzake, na mbaya zaidi, huvunja matumbawe ambayo mengi hukua sentimita chache tu kwa mwaka. Mwombe mwalimu siku ya kwanza uzame bila kamera. Usione aibu kuomba hivyo.

Ukishatulia, sogea karibu. Halafu sogea tena. Maji hufyonza mwanga, na rangi nyekundu ndiyo hutangulia kupotea. Ukifika mita kumi, samaki mwekundu huonekana wa kijivu. Ndiyo maana flashi ina kazi hata mchana wa jua kali, lakini iweke pembeni, mbali na lenzi, isije ikamulika chembechembe zilizo majini na kujaza picha vidoa vyeupe. Piga ukielekeza lenzi juu kidogo, usawa wa macho ya samaki.

Pete ya mpira ya kasha ikague kila unapolifungua: unywele mmoja unatosha kuingiza maji. Na kabla ya picha yoyote, tazama geji ya hewa.