Kabla kitabu hakijatoka mlangoni

Msomaji mmoja wa mtaa wa Katuba ametuandikia kwamba rafiki yake amekaa na riwaya yake tangu Desemba, na sasa wakikutana baada ya misa kila mmoja anaangalia pembeni. Anauliza amdai vipi bila kuvunja urafiki. Namna ya kumdai ipo, tutaifikia. Ila shida yake ilianza siku aliyosema: "Chukua tu, utarudisha ukimaliza."

Hakuna maneno yaliyopoteza vitabu vingi hapa Lubumbashi kuliko hayo. "Ukimaliza" si tarehe. Mtu aliyekwama ukurasa wa 60 hamalizi kamwe, na kukirudisha anaona haya, maana anajua utamuuliza kama kilimpendeza. Basi kinabaki chini ya kitanda, na yeye anaanza kukukwepa. Wengi tunaowaita wezi wa vitabu ni watu waliokwama tu.

Kwa hiyo pigeni hesabu pamoja, palepale mlangoni. Mtu anayetoka kazini jioni, na umeme wenyewe wa kubahatisha, anasoma kurasa kama 15. Kitabu cha kurasa 210 ni jioni 14. Ongeza wiki moja ya vilio, harusi na homa za watoto: wiki 3. Kinachozidi kurasa 400, mpe wiki 6. Taja siku yenyewe, "Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tatu", kisha malizia hivi: "umemaliza, hujamaliza, kirudi." Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayomwondolea haya. Maktaba inakupa tarehe ya kurudisha kitabu na hakuna anayenuna. Kwa nini rafiki anune?

Palepale mlangoni muulize pia kama atakipiga fotokopi. Vitabu vya sheria na vya udaktari vinafia hapo. Tazama mgongo wa kitabu kwa juu kabla hujakitoa. Ukiona vifungu vidogo vya karatasi zilizokunjwa, na uzi katikati ya kila kifungu, kimeshonwa, hicho kinavumilia. Ukiona karatasi zimekatwa sawasawa na kushikwa na utepe wa gundi, kikikandamizwa juu ya kioo cha mashine ile gundi inapasuka katikati, na kurasa za pale zinaanza kutoka moja moja. Anayehitaji sura moja apige picha kwa simu karibu na dirisha, kitabu kikiwa wazi nusu tu, kama mlango uliofunguliwa robo ya mzunguko, kila upande umeegemea kitabu kingine.

Jambo la tatu ni mtu wa tatu. Rafiki akitaka kumpa shemeji yake, kitabu kirudi kwako kwanza, ndipo kiende huko. Kikishapita mikono miwili bila wewe kujua, hakuna wa kumdai.

Weka daftari: jina la kitabu, nani, simu yake, kimetoka lini, kinarudi lini, na hali yake (jalada limechanika? kuna ukurasa uliokunjwa?). Ukiona daftari ni kazi, mpige picha amekishika. Simu itatunza tarehe. Jina lako liandike kwenye ukurasa wa kwanza na tena ndani, ukurasa uleule kwa vitabu vyako vyote, tuseme wa 33. Ukurasa wa kwanza unachanika au unachanwa.

Sasa wewe uliyechukua kitabu cha mtu. Kuanzia Novemba mpaka Aprili, wakati wa mvua, kitabu kinasafiri ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa mdomo. Kikilowa, usikianike juani: kinapinda na gundi inakauka vibaya. Kisimamishe wima, kurasa zimeachana kidogo, mahali pa kivuli penye upepo. Weka karatasi za msalani kila baada ya kurasa 20 hivi, na uzibadilishe kila zikilowa. Anza siku hiyohiyo, kwa sababu baada ya siku 2 ukungu unaingia. Zile kurasa zinazong'aa, za picha, zitenganishe zikiwa bado mbichi. Zikikaukia pamoja hazitaachana tena. Kikikaribia kukauka kabisa, kilaze chini ya matofali kwa siku kadhaa. Na usikiweke kwenye katoni sakafuni. Mchwa wa Katanga wanakula kuanzia chini. Juu utaona kitabu kizima, ukikiinua unabaki na jalada. Pakichanika, usibandike utepe wa skochi, unageuka njano na kuacha gundi. Heri umrudishie hivyo na umwambie.

Kikipotea, sema wewe kwanza, kabla hujaulizwa. Tafuta kilekile kwa wale wanaotandaza vitabu chini barabarani. Kisipopatikana, mwenyewe achague kingine. Franga ziwe za mwisho, maana mkianza kubishana bei ya kitabu kikuukuu hamtaelewana.

Kudai, basi. Ujumbe mmoja, kwake peke yake, si kwenye kikundi cha WhatsApp, si kupitia mke wake, na si kwenye kilio: "Jambo yaya. Kile kitabu nakihitaji Jumapili hii. Hata kama hujafika mwisho si neno, nitapita kwako nikitoka kanisani nikichukue." Usiandike "samahani kukusumbua", kitabu ni chako. Asipojibu, nenda vilevile.

Kupendekeza kitabu ni kugumu zaidi kuliko kukiazimisha, kwa sababu ukimpa rafiki kitabu ambacho hakukuomba umempa madeni mawili: akisome, na akipende. Usitaje vitabu vitano, taja kimoja. Kabla ya kukitaja, muulize ni kitabu gani cha mwisho alikiacha njiani. Jibu hilo linakuambia mengi kuliko orodha ya anavyovipenda, ambayo mara nyingi ni ya kujionyesha. Mpe ruhusa mapema: akifika ukurasa wa 40 bila kuvutwa, akirudishe. Usimwulize kila wiki amefika wapi. Na kikirudi kimesomwa nusu, muulize tu alikwama wapi, usianze kukitetea.