Baisani wa Yellowstone: tatizo liko mpakani

Ndugu, umeuliza kwa nini baisani, wale nyati wakubwa wa Amerika Kaskazini, wanauawa ilhali ni mnyama wa taifa wa Marekani tangu 2016. Sheria iliyowapa cheo hicho iliwapa heshima tu, haikumkataza mtu chochote. Ndani ya hifadhi ya Yellowstone wanalindwa na sheria ya 1894, iliyopitishwa baada ya jangili mmoja kukamatwa na mizoga yao kwenye theluji. Shida ni mpakani. Theluji ikiwa nyingi wanashuka kutafuta majani, na wakishaingia jimbo jirani la Montana, idara ya mifugo ya jimbo ndiyo yenye kauli juu yao. Idara ya mifugo, kwa mnyama wa porini! Majira ya baridi ya 2022/23 waliuawa zaidi ya 1,000.

Sababu inayotolewa ni brusela, ugonjwa wa bakteria unaoharibu mimba za mifugo, eti wataambukiza ng'ombe. Lakini maambukizi yaliyofuatiliwa eneo lile yametokana na kulungu wakubwa waitwao elk, ambao wanaachwa watembee. Kinachohitajika ni kuwaingiza baisani kwenye Sheria ya Viumbe Walio Hatarini ya 1973. Juni 2022 serikali ya Marekani ilikubali kwamba ombi la kuwaingiza linastahili kuchunguzwa.