Mwanangu, anzia ofisini lakini hakikisha wanakupeleka saiti

Mwanangu,

Meseji yako niliisoma kwa matatu nikaona hii si ya kujibiwa na voisi noti, wacha nikae chini niandike. Unasema umepata kazi mbili wiki moja, moja ya konsaltanti pale Upper Hill ya kudizaini majengo, nyingine ya kontrakta kule Ruaka ya kusimamia ghorofa ikijengwa, na hujui ushike gani, halafu ati unaogopa ukienda ofisini nitaona umekimbia vumbi. Hilo la mwisho litoe kwa kichwa kabisa. Mimi ni foromani, mjengo ndio umekulisha na kukusomesha, na bado nakwambia nenda ofisini kwanza.

Nikueleze ni kwa nini. Kuna saiti moja tulikuwa tunajiandaa kumwaga slabu, ile sakafu ya konkriti ya ghorofa, fundi wa mabomba akaja na bomba la inchi nne, anataka lipite ndani ya biimu, ule mhimili wa kulala unaobeba slabu, kando tu ya nguzo juu hiyo ndio njia fupi. Injinia wa kontrakta alikuwa kijana mchapa kazi sana, alitoka chuo akaingia saiti moja kwa moja. Konkriti imeshaagizwa, lori ziko njiani, kila mtu anamwangalia yeye. Akasema lipite. Mimi kwa macho nilijua pahali ringi, zile chuma ndogo za kuzungushia vyuma virefu, zimesongamana hivyo si pa kupitisha bomba, lakini sikuwa na hesabu ya kumpa, nikaomba tu tungoje yule wa dizaini alikuwa njiani kuja kukagua vyuma. Alipofika akachukua penseli ya seremala akachora biimu kwa kipande cha mbao, akatuonyesha vile ile nguvu ya kuikata iko juu zaidi hapo karibu na nguzo na inapungua ukienda katikati, ndio maana ringi huwa karibu karibu mwanzoni halafu zinaachana. Bomba likasogezwa mbali na nguzo, likapunguzwa, likapitishwa katikati ya kimo cha biimu, na ringi za ziada zikafungwa pande zote mbili. Yule kijana hayo yote alikuwa ameyasoma, tena alipita mtihani wake vizuri tu, lakini hakuwa ameyatumia hadi yakae mkononi, na siku yalipohitajika hayakuja.

Hiyo ndio naogopea. Kwa saiti utapewa neno la mwisho mapema sana, mafundi thelathini wamesimama, kontrakta anapiga simu kila saa, na wewe uko na miezi mitatu tangu gradueshoni. Unakumbuka lile jengo la Huruma lililoanguka usiku wa mvua Aprili 2016, zaidi ya watu 40 wakafa? Tangu hiyo siku kila slabu nikimwaga nafikiria watu watakaolala juu yake na chini yake. Nataka siku utakayoambiwa "injinia amua" uwe unajua ile chuma iliwekwa pale kwa sababu gani.

Na pia kurudi ni ngumu. Mtu wa dizaini akitaka kuja saiti baadaye anakaribishwa, anateseka mwaka mmoja akijifunza kupanga kazi na kuishi na mafundi, halafu anashika. Lakini aliyekaa saiti miaka sita akitaka kurudi ofisini anapata hesabu zimemtoka, programu zimebadilika, na sasa vile Kenya inatoka kwa zile kanuni za dizaini za Uingereza tulizozoea, BS 8110, inaingia zile za Ulaya, Eurocode, anakaa meza moja na waliotoka chuo jana na mshahara ni ule wao. Nimeona wazuri wakijaribu wakakata tamaa.

Sasa usinielewe vibaya, ofisi ambayo haikutoi nje nayo itakuharibu. Chukua balkoni tu. Vyuma vyake vya maana vinakaa juu, kwa sababu imeshikwa upande mmoja na uzito unavuta ule upande wa juu. Siku ya kumwaga watu wanapita hapo na wilbaro na makarai, wanakanyaga, chuma kinashuka pole pole mpaka chini, konkriti inakifunika, fundi anapiga plasta safi na hakuna mtu atajua mpaka siku watu wamejaa hapo juu kwa sherehe. Aliyekaa tu kwa kompyuta anachora vyuma viko juu anaona amemaliza. Aliyewahi kusimama hapo kwa buti anaonyesha kwa mchoro vile vitashikiliwa visishuke, anasema mbao za kupitia ziwekwe, na siku ya kumwaga anakuja mwenyewe. Hii hutaifundishwa na Revit, ile programu ya kuchora majengo.

Kwa hivyo kabla hujasaini waulize hao wa Upper Hill mambo mawili, na uulize bila aibu. Nani atakuwa anaangalia hesabu zangu, na je, yeye ni injinia aliyesajiliwa na EBK, ile bodi ya mainjinia, kama profeshonali? Unajua wewe utajisajili kama graduate, na hawawezi kukupandisha kabla hujamaliza angalau miaka 3 ya kazi, na hiyo miaka inataka mtu wa kusimama aseme huyu nilimfundisha. La pili, vyuma nilivyochora vikikaguliwa saiti kabla ya kumwagwa, nitakuwa naenda? Wakikuambia kazi yako ni kukaa ndani tu unatengeneza orodha za kukata vyuma, au ukiona wanazunguka zunguka kwa jibu, hapo nabadilisha maneno yangu, shika Ruaka, utajifunza zaidi huko hata kama ni kwa joto.

Pesa najua inakusumbua. Ruaka wanalipa zaidi na HELB wa mkopo wa chuo wataanza kukutafuta. Lakini mshahara wa kontrakta mara nyingi unangoja mwenye jengo alipe ile cheti ya kazi iliyofanyika, akichelewa na nyinyi mnachelewa, nimeyaishi hayo na wewe ulikuwa mdogo ukiona. Kaa hapa nyumbani, hulipi renti, ile tofauti itapungua sana.

Na si ati nakutuma ofisini juu wewe ni msichana. Nimefanya kazi chini ya mainjinia wanawake, mmoja aliangusha ukuta mzima wa mawe uliokuwa umepinda na hakuna fundi alibisha, juu alikuja na timazi yake akatuonyesha. Wiki ya kwanza wanaume watakujaribu, watakuita madam na hawafanyi ulichosema, wewe rudi uangalie kazi mpaka ifanywe. Ila ukienda saiti yoyote uliza choo kiko wapi na nani anakurudisha nyumbani kumwaga kukiisha saa nne usiku. Hayo ni maswali ya kazi kama mengine.

Kitu kingine kidogo, ukifika ofisini usiiamini ile programu haraka. Yule injinia wa dizaini aliyesogeza bomba nilimuona na ETABS, programu ya kupiga hesabu za majengo, kwa laptopu na bado anapiga hesabu ya biimu moja nyuma ya risiti ya hoteli, aone kama zinakaribiana.

Ruaka usiwanyamazie. Waandikie kwa heshima, uwaambie unataka kumalizia dizaini kwanza na ungependa kuja kwao baadaye, hii Nairobi konsaltanti na kontrakta wanakutana kila mkutano wa saiti. Ukishaongea na wa Upper Hill nipigie hata kama ni usiku, mamako pia anataka kusikia wamejibu nini.

Babako