Kabla hujamtembeza, muulize alivyolala

Wewe unayeanza kazi ya fiziotherapia hapa Dodoma, utakabidhiwa mafaili ya watu wa kila aina wenye mapafu yaliyochoka: aliyetibiwa TB akapona lakini kifua hakikurudi, mama aliyepikia kuni miaka 40 kwenye jiko lisilo na dirisha, mzee aliyetumia ujana wake machimboni. Wote watakwambia wanaishiwa pumzi. Ninachokuomba ni kimoja: kabla hujamwinua mtu kwenye kiti, muulize usiku wake ulikuwaje.

Nilifunzwa hilo na mzee mmoja wa Bahi. Alikuwa anapanda basi la alfajiri, na kabla sijamaliza kufungua faili lake ameshasinzia, kofia imemwangukia magotini. Nikadhani ni uchovu wa safari. Wiki ya tatu nikaandika, "Hana ushirikiano." Neno hilo linaniuma hadi leo. Siku aliyokuja na mkewe, bibi akasema bila kuulizwa: "Huyu usiku anakoroma kama anayepasua mbao, halafu kimya. Mimi nahesabu. Nikimtikisa ndiyo anavuta pumzi kwa kishindo." Na kila asubuhi aliamka kichwa kinamuuma.

Kumbe pumzi ilikuwa inamkatika usingizini. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu ambaye pia koo lake hujifunga akilala, oksijeni yake ya usiku hushuka kuliko ya mwenye tatizo moja tu. Kuumwa kichwa asubuhi na kusinzia mchana kunaweza kuwa dalili kwamba hewa ukaa inajaa kwenye damu. Huyo aonwe na daktari kwanza. Usimfungulie oksijeni kwa uamuzi wako. Ikitolewa bila kipimo inaweza kuiongeza hewa ukaa hiyo.

Daktari akisharuhusu, usiwe mwoga. Mwambie mgonjwa ukweli: mazoezi hayatengenezi pafu lililoharibika. Yanachojenga ni misuli, hasa ya mapaja. Anayeogopa kuhema hukaa tu, akikaa mapaja hunywea, na paja lililonywea hudai hewa nyingi zaidi kwa kazi ileile. Tena ukikaa kutwa maji hutuama miguuni. Ukilala yanapanda hadi shingoni na kuzidi kulibana koo. Hiyo ni sababu mojawapo inayofanya mazoezi yaweze kupunguza kukatika kwa pumzi hata kama uzito haujashuka. Lakini aliyeandikiwa mashine ya kusukuma hewa usiku aendelee kuivaa.

Kipimo cha kutembea dakika 6 kinataka njia ya mita 30 iliyonyooka. Korido yetu ilikuwa fupi na imejaa mabenchi, tukapima kwa futi kamba chini ya mwarobaini, jiwe huku na jiwe kule. Usitangulie mbele ya mgonjwa, atafuata mwendo wako badala ya wake. Oksimita, kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni ya damu, nayo ina mambo yake: asubuhi ya Julai, upepo wa Dodoma ukivuma, vidole vya wazee huwa vya baridi na namba inayotokea si ya kuaminika. Msugue mkono upate joto, na kama kidole kina hina au rangi ya kucha tumia kingine. Kwenye mazoezi, oksijeni ikishuka chini ya asilimia 88, apumzike.

Kipimo cha kuhema, ambacho mgonjwa mwenyewe hutaja anavyohema, kina namba 0 (hahemi kabisa) hadi 10 (kuhema kupita kiasi), nasi tunalenga 4 hadi 6. Wazee wengi namba haziwaingii. Mimi huwaambia: uweze kunijibu sentensi fupi, ila usiweze kuimba. Na wakati wa kuinuka, pumzi itoke polepole kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza uji.

Mara 2 au 3 kwa wiki, kwa wiki 8 au zaidi, ndipo utaona mabadiliko. Nauli ya kutoka Bahi haimruhusu kila mtu, kwa hiyo mpe kazi ya nyumbani: kukaa na kusimama kwenye kiti, kuinua chupa za nusu lita zilizojaa maji, kutembea mapema kabla vumbi halijaamka.

Yule mzee alianza upya baada ya matibabu. Katika faili nililikata neno langu kwa mstari mmoja, nikaandika pembeni: "Pumzi hukatika usingizini, shahidi ni mkewe." Tangu hapo, kila mgonjwa wa kifua anayepangiwa siku ya kwanza naomba aje na mtu anayelala naye nyumba moja.