Mwaka Mmoja wa Kukamilisha Shahada ya Usimamizi wa Biashara: Maswali ya Wasomaji

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu kozi za mwaka mmoja ambazo vyuo vikuu vya Uingereza huwatolea watu wenye HND (Higher National Diploma, stashahada ya juu ya miaka miwili) au stashahada inayolingana nayo, ili wakamilishe shahada ya kwanza ya usimamizi wa biashara. Tumechagua zile zinazogusa mambo ambayo waombaji wengi huyagundua wakiwa wamekwisha kulipa ada.

SWALI: Mhariri, ninayo HND ya biashara. Chuo kimoja kimeniambia kwamba nikisoma mwaka mmoja tu nitapata shahada sawa na ya mtu aliyesoma miaka mitatu. Je, ni kweli, au ni maneno ya wauza kozi?

JIBU: Ni kweli, ndugu msomaji, lakini ukweli huo umesimama juu ya hesabu ambayo wauza kozi hawana haraka ya kuieleza. Katika England, Wales na Ireland ya Kaskazini, shahada ya kwanza yenye madaraja (honours) huwa na krediti 360 (krediti ni kipimo cha wingi wa masomo), yaani krediti 120 kwa kila mwaka wa masomo ya kutwa, na miaka hiyo mitatu hupanda kutoka ngazi ya 4 hadi ya 5 na kuishia ngazi ya 6. HND ina krediti 240 na hukoma ngazi ya 5. Kwa hiyo chuo kikuu hakikupi shahada ya mkato. Kinakubali kwamba miaka miwili ya kwanza umekwisha kuisoma mahali pengine, kisha kinakuingiza mwaka wa tatu pamoja na wanafunzi waliokuwapo tangu mwanzo, na mwishoni wote hutunukiwa shahada ya aina moja.

Jambo la kukagua kabla ya lolote ni idadi ya krediti, wala si jina la cheti. Zipo stashahada nyingi za usimamizi zilizoandikwa kwa herufi kubwa kuwa ni za ngazi ya 5, na kweli ni za ngazi hiyo, ila zina krediti 120 peke yake kwa sababu aliyezitunga alichukulia kwamba mwanafunzi amekwisha kusoma ngazi ya 4 kwingineko. Mwenye cheti cha namna hiyo, ikiwa hana kitu cha ngazi ya 4 cha kukiunga nacho, hana miaka miwili mkononi bali ana mmoja, hata kama ngazi iliyotajwa inavutia. Itoe hati yako ya matokeo, ile inayoorodhesha somo moja moja, ujumlishe krediti zake mwenyewe. Ukipata 240, nusu zikiwa za ngazi ya 4 na nusu za ngazi ya 5, umesimama mahali pazuri. Ukipata pungufu, uliza kama chuo kinakubali masomo machache ya kuziba pengo kabla ya mwaka wa mwisho kuanza.

Yako mambo mawili zaidi. Vyuo kadhaa huweka kikomo cha umri wa cheti, mara nyingi miaka mitano, na aliyepitwa na muda huo huombwa aonyeshe kwamba kazi aliyokuwa akiifanya imemweka karibu na fani. Na ikiwa unaelekea Uskoti, hesabu hubadilika, kwa kuwa huko shahada kamili yenye madaraja huchukua miaka minne na krediti 480. Mwenye HND akiingia mwaka wa tatu, mwaka mmoja humpa shahada ya kawaida isiyo na madaraja, na wa pili ndio humfikisha ngazi aliyofikia mwenzake wa England.

SWALI: Nilimaliza HND kwa alama za juu kabisa karibu katika kila somo. Sasa niko mwaka wa mwisho, na kazi mbili za kwanza nilizowasilisha zimepata 46 na 49. Mwalimu ameandika tu kwamba nimeeleza vizuri ila sijachambua. Nimesoma sana, na sielewi anataka nini.

JIBU: Malalamiko haya ni ya kawaida mno kwa wanaoingia kwa njia hii, na hayatokani na uvivu wala upungufu wa akili. HND hupimwa kwa vigezo: somo lina orodha ya mambo ambayo mwanafunzi lazima aonyeshe anayajua, naye akiyaonyesha yote hupita, na akiyaonyesha kwa upana zaidi hupanda. Mwaka wa mwisho wa shahada hupima hoja. Waliosoma chuoni hapo tangu mwaka wa kwanza wamepewa muda wa kuzoea mabadiliko hayo kidogo kidogo. Wewe unakutana nayo katika wiki ya sita.

Chukua swali la kawaida: duka kubwa linapoteza wauzaji kila baada ya miezi michache, nawe unaulizwa menejimenti ifanye nini. Jibu la HND humleta Frederick Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza motisha kazini, likatenganisha mambo yanayomridhisha mtu kazini, kama vile kutambuliwa na kupandishwa cheo, na yale yanayozuia manung'uniko tu, kama vile mshahara na mazingira, kisha likapendekeza kuwe na tuzo ya muuzaji bora wa mwezi. Hakuna kosa katika maelezo hayo, na alama zake ni arobaini na ushei.

Anachotaka mwalimu wako ni uulize nadharia hiyo ilitoka wapi. Herzberg na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1959, waliwahoji wahasibu na wahandisi wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh nchini Marekani, watu wenye taaluma zao na kazi za kueleweka. Waliwaomba wasimulie nyakati walizofurahia sana kazi na nyakati walizochukizwa nayo, na njia hiyo ilikosolewa baadaye kwa hoja kwamba mtu huelekea kujipa sifa kwa mema yaliyotokea na kuitupia kampuni lawama za mabaya. Je, matokeo ya mahojiano hayo yanaweza kuhamishwa yalivyo hadi kwa muuzaji wa zamu ambaye hajui wiki ijayo atapangiwa saa ngapi? Huenda kwake mshahara si jambo la kuzuia manung'uniko tu. Huenda tatizo haliko katika motisha hata kidogo, bali katika ratiba inayotolewa siku moja kabla. Ukifika hapo, ukaweka mbele tafiti mbili au tatu zisizokubaliana, ukachagua upande na kueleza kwa nini, basi umeanza kuchambua, na mapendekezo yako yatatofautiana na yale ambayo yangeweza kuandikiwa duka lolote lile.

Ushauri wangu ni upunguze idadi ya wananadharia. Kazi ya kurasa nane inayowataja wananadharia tisa humwonyesha msahihishaji mtu aliyepitia faharasa ya kitabu cha kiada. Na maoni ya mwalimu yakiwa mafupi kama hayo uliyopewa, nenda ofisini kwake ukiwa na aya moja uliyoiandika upya, umwombe aisome hiyo tu. Utajifunza mengi kuliko ukimwomba akueleze kwa jumla maana ya uchambuzi.

SWALI: Je, alama zangu za HND zitasaidia katika daraja la shahada? Na nikianguka somo moja nikalirudia, kuna madhara gani?

JIBU: Kwa kawaida hazisaidii. HND ilikufungulia mlango, na kazi yake ikaishia hapo; daraja la shahada hukokotolewa kwa krediti 120 za mwaka huu mmoja. Mwenzako wa miaka mitatu mara nyingi huhesabiwa na sehemu ya alama za mwaka wa pili, hivyo muhula mbaya mmoja humezwa na mingine. Wewe huna pa kujificha. Mipaka inayotumika sana ni hii: 70 na zaidi ni daraja la kwanza, 60 hadi 69 ni daraja la pili la juu, 50 hadi 59 ni la pili la chini, na 40 hadi 49 ni la tatu.

Kuhusu kurudia, utaratibu ulioenea ni kwamba aliyeanguka somo huruhusiwa kulifanya tena, lakini hata akilifanya kwa ustadi hupewa 40 tu, ambayo ndiyo alama ya kupita. Tuseme mwaka wako una masomo manne ya krediti 20 na tasnifu ya krediti 40, na kila mahali umepata 62 isipokuwa somo moja ulilolirudia na kupewa 40. Wastani wako, ukizingatia uzito wa krediti, ni 58.3. Somo moja limekutoa daraja la pili la juu, ambalo programu nyingi za uzamili na waajiri wengi hulitaka, likakushusha daraja la chini yake.

Katika hesabu hiyohiyo, tasnifu peke yake ni theluthi ya mwaka mzima. Mwanafunzi anayeiacha hadi muhula wa pili kwa sababu tarehe ya kuiwasilisha iko mbali hugundua kwamba hawezi kumhoji mtu yeyote kabla kamati ya maadili ya utafiti haijaidhinisha maswali yake, na idhini hiyo huweza kuchukua wiki kadhaa. Mada nayo hukataliwa ikiwa pana. "Athari za mitandao ya kijamii katika biashara" haifanyiki kwa maneno 10,000. Namna wamiliki wa biashara ndogo za aina moja wanavyoamua bei baada ya kusoma maoni ya wateja mtandaoni inafanyika, kwa sharti kwamba unawafahamu wamiliki kumi walio tayari kuzungumza nawe.

SWALI: Mwanangu ana kazi ya kutwa na anataka kusoma kozi hii bila kuacha kazi. Ananiambia ni mwaka mmoja tu, na kwamba masomo ni siku mbili kwa wiki. Nina wasiwasi, nami ndiye nitakayemsaidia ada.

JIBU: Mama, wasiwasi wako una msingi. Siku mbili anazozitaja ni za kukaa darasani, nazo ni sehemu ndogo ya mzigo. Krediti moja hukadiriwa kuwa saa 10 za kujifunza, ukijumlisha mihadhara, kusoma, kuandika na kujiandaa kwa mitihani, hivyo krediti 120 ni saa 1,200. Ukizigawanya kwa wiki 30 za masomo unapata saa 40 kila wiki, sawa na kazi ya pili ya kutwa. Wapo walioweza, lakini daraja lao kwa kawaida hulipa gharama hiyo, na nimekwisha kueleza hapo juu kwamba daraja linategemea mwaka huu peke yake. Vyuo vingi hutoa kozi hiyohiyo kwa miaka miwili ya muda nusu, ambapo mzigo hushuka hadi kama saa 20 kwa wiki. Mwambie aulizie njia hiyo, ikiwa hasafiri kwenda kusoma Uingereza kwa viza ya mwanafunzi, kwa maana viza hiyo ina masharti yake kuhusu masomo ya muda nusu na saa za kufanya kazi. Aulize pia kama ada hulipwa kwa somo, ili usilazimike kutoa fedha zote kabla hajaonyesha kwamba ratiba anaimudu.

SWALI: Chuo kinachonifundisha ni cha binafsi, lakini kinasema shahada itatolewa na chuo kikuu cha Uingereza. Nitajuaje kwamba itatambuliwa?

JIBU: Mpango huo ni halali na umeenea: chuo kimoja hufundisha, na kingine chenye mamlaka ya kutunuku shahada husimamia viwango na kutoa cheti. Usitegemee nembo iliyoko kwenye tangazo. Kiandikie chuo kikuu hicho moja kwa moja, uulize kama kozi hiyo, katika chuo hicho, kwa mwaka huu wa masomo, bado iko chini yake, kwa sababu mikataba ya namna hii huisha na matangazo hubaki. Kama ni chuo kikuu cha England, jina lake litafute katika rejista ya Office for Students, taasisi inayosimamia elimu ya juu ya England, iliyoanza kazi mwaka 2018.

Hatua inayosahaulika ni mamlaka ya elimu ya juu katika nchi utakayokitumia cheti. Baadhi ya mamlaka hazitazami shahada peke yake; hurudi nyuma kukagua uliingiaje, na ikiwa stashahada yako ya awali haitambuliwi nao, mwaka mmoja uliosoma juu yake huweza kutiliwa shaka hata kama chuo kikuu hakina doa. Waulize kwa maandishi, ukitaja vyeti vyote viwili kwa majina yake kamili.

SWALI: Nina HND na uzoefu wa miaka kumi kazini. Kuna chuo kimekubali kunichukua moja kwa moja masomo ya uzamili. Kwa nini nipoteze mwaka kwenye shahada ya kwanza?

JIBU: Ikiwa unachotaka ni maarifa na kupanda cheo kwa mwajiri uliye naye sasa, sioni sababu ya kuupoteza. Lakini kama siku moja utaomba kazi ya umma au ya kufundisha chuoni, ama utataka kusoma uzamivu, utaulizwa shahada ya kwanza iko wapi, na zipo mamlaka zisizokubali uzamili ukae mahali pake. Kazi unayoilenga ndiyo iamue, kwa hiyo tafuta tangazo la ajira la cheo hicho, usome sifa zinazotakiwa, ndipo ukijibu chuo.