Umemwambia mama mkwe ni dayati, sasa unamlaumu nini?

Barua nimeifupisha, ilikuwa ndefu sana:

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 38, naishi Njiro hapa Arusha, nina duka la vitenge na watoto wawili. Mwaka jana nilienda India kufanyiwa opresheni ya kupunguza uzito, ile ya kulifanya tumbo dogo na kuliunganisha na utumbo. Nilikuwa kilo 128 na sukari juu, leo miezi 14 baadaye nina kilo 79 na dawa za sukari daktari alishanisimamisha. Kila mtu ananisifia isipokuwa mume wangu. Ananichunga kama mtoto, umekula nini, umemeza dawa, nikitoka na wenzangu nikanywa glasi moja ya waini ananuna mpaka kesho yake. Mama yake wa Machame ndo kabisa, opresheni sikumwambia, nilimwambia ni dayati tu, tukienda anapika mtori anataka nile mbele yake, na nimesikia amewaambia wamama wa kanisani wamuombee mkwe wake. Jimu kuna kaka mmoja ananipa moyo sana, hakuna kitu kati yetu. Miguu inakufa ganzi na nywele zinakatika lakini ni stresi za humo ndani. Nataka nipange chumba Sakina nipate amani. Ni mimi Mrembo Mpya, Njiro."

Marahaba mwanangu. Pole na hongera vyote kwa pamoja, kilo 49 sio mchezo, na anayemcheka mtu wa kilo 128 hajawahi kupanda daladala konda akamwambia alipe siti mbili. Najua ulikotoka. Pole yangu inaishia hapo.

Nimeisoma barua yako mara tatu natafuta kitu kimoja tu, nani alilipa. Tiketi za India za watu wawili, hospitali, wiki zote za kukaa kule. Umeniandikia mpaka rangi ya gauni ulilovaa kwenye kicheni pati ya mwezi wa nane ila hela hukuigusa, mpaka mwisho kabisa ndo nakuta "Fuso moja iliuzwa". Iliuzwa. Hukuandika "aliuza". Mwanaume anayeishi kwa kupeleka mzigo Namanga ameuza gari ili mke wake apone, halafu mliporudi na ulikuwa huruhusiwi kitu kigumu yeye ndo alikuwa anakuchujia mtori kwa chujio la chai, hilo umeliandika kwa mkono wako ila umelipita kama basi linavyopita Kikatiti bila kusimama.

Sasa tuje kwenye huko kuchungwa. Umekula nini, umemeza dawa. Hayo ndo maswali yake mawili na sijaona la tatu. Hajakuuliza ulikuwa na nani, hajashika simu yako, maana angeshika ungeniandikia. Na dawa gani? Umeandika hivi, "nilipokuwa nameza zile vitamini alikuwa ananihesabia". Nilipokuwa. Kwa hiyo umeacha, na mume wako Baba Glory anajua umeacha, ndo maana anauliza kila siku. Hiyo opresheni yako inakuachia kifuko cha tumbo kidogo kama yai, alafu chakula kinaruka sehemu ya mwanzo ya utumbo, na hapo ndo madini ya chuma na kalsiamu yanaponyonywa kwa wingi, na vitamini B12 nayo inapata shida kwa sababu inalihitaji lile tumbo lililowekwa pembeni. Ndo maana vidonge ni vya maisha, sio vya kumeza mpaka gauni likukae vizuri uache. Na damu inapimwa angalau kila mwaka hata kama unajisikia mzima kabisa. Wewe tangu urudi India umeenda kliniki mara ngapi? Sijaona hata mstari.

Haya na hiyo ganzi. Mwanangu hiyo sio stresi. Nywele kukatika mwezi wa tatu mpaka wa sita baada ya opresheni ni kawaida na zinarudi, lakini wewe uko mwezi wa 14, hapo ni mwili unaolia njaa, chuma au protini. Ganzi ya miguu inaweza kuwa mabaki ya kisukari chako cha zamani, inaweza kuwa upungufu wa B12, inaweza kuwa wa vitamini B1, na jibu linatoka maabara, haliji kwa kuhamia Sakina. B12 ikikosekana muda mrefu mishipa ya fahamu inaharibika na mingine hairudi hata ukimeza vidonge vya dunia nzima. Na umeandika kwamba ukila nyama "nafuu nitapike". Kama unatapika kila siku, miguu inakufa ganzi na siku ukianza kuyumba ukitembea au kuona vitu viwili viwili, usisubiri kupambazuke, nenda hospitali usiku huohuo, na waambie kabla ya kitu chochote kwamba ulifanyiwa opresheni ya tumbo, maana mtu wa namna hiyo inabidi apewe B1 kabla ya kutundikiwa dripu ya glukosi, la sivyo ubongo unaweza kuharibika. Daktari atajuaje kama na yeye umemwambia ni dayati? Mficha maradhi kifo humuumbua, wazee hawakuwa wanaongea wajifurahishe.

Na hizo diklofenaki unazonunua duka la dawa kwa ajili ya mgongo acha leo. Kwa tumbo la aina yako zinatoboa vidonda pale palipounganishwa. Muulize daktari dawa nyingine ya maumivu.

Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu. Waliofanyiwa kama wewe wengi wanapoteza robo mpaka theluthi ya uzito, na theluthi ya 128 ni kama kilo 43. Wewe umetoa 49. Inawezekana mwili wako umeitikia vizuri, sikatai, lakini mtu anayeniandikia anakunywa supu asubuhi "basi mpaka kesho" na analala na njaa kwa sababu ya picha, mimi simpongezi tena. Unatakiwa upate protini kama gramu 60 kwa siku, yaani mayai, samaki, maharage, maziwa, kuku, kidogo kidogo mara nyingi, na maji usinywe pamoja na chakula. Baba Glory akiuliza umekula nini anauliza swali ambalo mtaalamu wa lishe angekuuliza, tofauti ni kwamba yeye unamnunia.

Waini. Nimehesabu, umeitaja mara tano kwenye barua moja na kila mara ni "glasi moja". Nisikilize hapa. Baada ya opresheni hiyo pombe inaingia kwenye damu haraka na kwa nguvu kuliko zamani, glasi moja ya leo sio glasi moja ya ulipokuwa na kilo 128. Wamarekani waliwafuatilia waliofanyiwa hizi opresheni na mwaka 2012 wakatoa majibu kwamba matatizo ya pombe yaliongezeka mwaka wa pili, sio wa kwanza. Wewe uko mwezi wa 14, ndo mwaka wa pili wenyewe huo. Mtu alikuwa anapata faraja kwenye chakula, chakula kimeondolewa, faraja anaitafuta kwenye glasi. Na huku kwetu ambako mbege inakaa kwenye harusi, kwenye msiba, kwenye kipaimara, hakuna mtu atakayekushtua mapema. Aliyeshtuka ni mume wako, na unaona ananuna tu.

Sukari nayo usiitangazie ushindi. Kule Sweden kuna uchunguzi mkubwa ulioanza 1987, wenye kisukari waliofanyiwa opresheni, baada ya miaka 2 kilikuwa kimetulia kwa kama 72 kati ya 100, ila ilipofika miaka 10 walibaki 36. Imetulia, haijafa. Endelea kupima.

Mama mkwe sasa, na hapa nimekasirika kidogo. Umemwambia ni dayati. Bibi wa Machame kamuona mkwe wake Krismasi ya juzi ana kilo 128, Krismasi iliyofuata amebaki nusu mtu, nywele zimenyofoka, anakula vijiko vitatu anakimbilia chooni. Wewe ungekuwa ni yeye ungewaza nini? Hawa ndo walizika vijana wao miaka ya tisini, wanajua kukonda kunafanana na nini. Nakuambia huyo mama kila wamama wa usharika wakinong'ona kuhusu ugonjwa yeye anakaa kimya kwa sababu hana cha kujibu, umemnyima jibu, kwa hiyo amefanya kitu pekee anachokiweza, kuomba na kupika. Anakata ndizi za mshare, anachemsha na nyama, anasaga kwa mwiko mpaka mkono unauma, anakuwekea mbele. Unaita kusimangwa. Mimi naona mama anayeogopa kuzika mkwe wake. Na mtori huohuo ukichujwa na ukiwekewa nyama iliyosagika ni chakula kizuri kwa tumbo lako, vijiko vichache vinatosha, kama angejua angekupimia mwenyewe.

Kaka wa jimu sitapoteza muda, mtu ambaye "hakuna kitu kati yetu" hatajwi mara nne. Amekukuta kwenye kilo 79. Hajawahi kukusikia ukikoroma kwa kukosa pumzi usiku, hajawahi kukuinua kitandani. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Na hili nawaambia na wengine mnaosoma maana naona limekuwa kubwa. Hao hao Waswidi mwaka 2018 waliangalia ndoa za waliofanyiwa opresheni hizi wakaona wanaoachana wanaongezeka, na waliokuwa peke yao wanaoolewa na kuoa wanaongezeka pia. Nyingine zilikuwa mbovu tangu mwanzo na mwanamke akapata nguvu za kutoka, hizo siwezi kuzililia. Lakini siku hizi ndoa zetu zinaishi kwenye simu, mtu akipata komenti mia mbili za "umependeza shosti" anaanza kumuona wa ndani kama mzigo kwa sababu yeye hasemi umependeza, anasema umemeza dawa. Vikoba tunashauriana kuondoka, kicheni pati tunafundwa kuondoka, hakuna anayefundishana kukaa chini na mtu saa moja bila simu ukamwambia ninaogopa kurudi nilivyokuwa. Maana hilo ndo lako mwanangu. Unaogopa kunenepa tena mpaka umeogopa kula, na mwenye kukuona ukiogopa unamkimbia.

Baba Glory na wewe kama unasoma, kununa sio kuongea. Mkeo hajui kama unaogopa, anajua umekasirika. Mwambie kwa mdomo. Na mwanangu, kama kuna siku amekuinulia mkono ukaificha kwenye barua kama ulivyoficha mengine, basi niandikie upya na jibu langu litakuwa tofauti kabisa.

Kwa sasa chumba cha Sakina kiache. Kesho asubuhi mwambie Baba Glory akupeleke hospitali ya Mount Meru, au kama mnashuka Moshi pitilizeni KCMC, beba makaratasi yote ya India, usimfiche daktari waini wala diklofenaki. Vitamini unaanza tena kama atakavyokuandikia yeye, na umruhusu mume wako azihesabu. Jumamosi mnapanda Machame, mkifika kwa Sadala mnunulie mama sukari na majani, mkae naye jikoni umweleze tumbo limekatwa lini na kwa nini, umuonyeshe kovu. Akilia muache alie.

Majibu yakitoka niandikie. Nataka B12, chuma na wingi wa damu. Kilo usiniandikie.