Maswali na Majibu: Kuiunda Königsberg ya Rufiji kwa Vipimo Vyake

Barua nyingi za safari hii zinahusu kuunda modeli ya meli moja: Königsberg, kruza (meli ya kivita yenye kasi) ya Kijerumani iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ikajificha kwenye delta ya Rufiji na kuishia humo tarehe 11 Julai 1915. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Ndugu wahariri, nataka kuunda Königsberg kwa skeli ya 1/200, kwa mbao na plastiki bapa. Mtandaoni nimepata michoro mitatu na hakuna unaolingana na mwenzake. Niuamini upi?
*Msomaji, Tanga*

Ndugu msomaji, kwanza hakikisha kwamba yote mitatu ni ya meli yako. Wajerumani walikuwa na kruza tatu za jina hilo. Ya Rufiji ilishushwa majini Kiel mnamo Desemba 1905. Ya pili ilishushwa mwaka 1915, baada ya hiyo ya kwanza kupotea. Ya tatu ni ya miaka ya 1920, na ilizamishwa Bergen, Norwei, Aprili 1940. Ukitafuta kwa jina tu zinakuja zote kwa pamoja. Mchoro wenye minara ya mizinga mitatu mitatu ni wa ile ya tatu, uweke kando. Yako ina dohani tatu na mizinga kumi ya sm 10.5, kila mmoja kwenye kitako chake: miwili sambamba omo (mbele), miwili sambamba tezi (nyuma), na mitatu kila ubavu katikati.

Mtego mkubwa zaidi ni ndugu zake wa tumbo moja: Nürnberg, Stuttgart na Stettin. Michoro yao huandikwa “aina ya Königsberg”, na mtu akisoma haraka huona jina la meli yake. Baada ya Königsberg kusanifiwa, hao waliofuata walirefushwa kidogo. Yenyewe ina urefu wa m 115.3 kutoka ncha hadi ncha. Nürnberg ina m 117.4. Kwa skeli yako tofauti hiyo ni mm 10.5, na haikugawanywa sawasawa mwili mzima, kwa hiyo huwezi kuiondoa kwa kuupunguza mchoro kwenye kompyuta. Angalia hasa nafasi kati ya dohani moja na nyingine, ukilinganisha na picha za Königsberg yenyewe. Jihadhari na Emden pia, kruza nyingine ya Kijerumani. Nayo ina dohani tatu na mizinga kumi ya sm 10.5, na picha zake mara nyingi hubandikwa jina lisilo lake.

Mchoro ukishapita hapo, upime. Kwa 1/200 unatakiwa kupata urefu wote mm 576.5, urefu kwenye mstari wa maji mm 574 (m 114.8), upana mm 66 (m 13.2) na kina cha chini ya maji mm 26.5 (m 5.29). Kama mchoro hauna skeli, gawa urefu kwa upana: jibu liwe 8.73 au karibu sana na hapo. Ukipata 8.5 au 9, karatasi imevutwa upande mmoja wakati wa kunakiliwa, na kila kitu juu yake, pamoja na maumbo ya mataruma (mbavu za meli), kimepotoka.

Michoro mingi mizuri huharibikia kwenye printa, kwa sababu mipangilio yake hupunguza ukurasa ili uenee kwenye karatasi. Kabla ya kuchapa, chora mstari wa mm 100 pembeni, wa kulala na wa kusimama. Ukitoka mm 97, chapa upya.

Bado kuna jambo ambalo michoro haisemi: ni Königsberg ya siku gani? Chagua tarehe kabla ya kukata ubao wa kwanza. Mchoro wa kiwanda unaonyesha meli kama ilivyokusudiwa kuwa, si lazima kama ilivyokuwa miaka saba baadaye. Ilianza kazi Aprili 1907 na ikafika Dar es Salaam mwanzoni mwa Juni 1914. Katikati hapo vitu kama taa za kumulika, mashua na nyaya za redio huweza kuhamishwa. Ukichagua Julai 1914, ushahidi wako mkuu ni picha za Dar es Salaam. Ukichagua Rufiji 1915, ujue kwamba baadhi ya silaha ndogo zilikuwa zimeshapelekwa nchi kavu kulinda midomo ya delta, na meli ilikuwa imefichwa kwa matawi.

Kwa hiyo ushahidi tunaupanga hivi: picha ya meli yenyewe yenye tarehe inashinda mchoro wa kiwanda, mchoro wa kiwanda unashinda mchoro uliochorwa miaka ya karibuni, na modeli ya mtu mwingine, hata ikiwa nzuri namna gani, si ushahidi. Ukinakili modeli umenakili na makisio ya aliyeiunda, na huna njia ya kujua ni yapi.

Niko karibu na Fort Jesus, na pale kuna mzinga wa Königsberg. Naweza kuupima na kuutumia?
*Msomaji, Mombasa*

Unaweza, na ni bahati ambayo waundaji wengi duniani hawana. Mizinga yote kumi iliokolewa kutoka mtoni na kutumika katika vita vya nchi kavu. Inayojulikana kubaki ni mitatu: Mombasa, Jinja, na kwenye Union Buildings huko Pretoria. Omba ruhusa kwanza ofisini, na upime bila kupanda wala kukwangua rangi.

Hakikisha unapima mzinga wenyewe. Pegasus nayo iliokolewa mizinga yake, na wa kwake ni wa inchi 4, yaani mm 101.6, dhidi ya mm 105 za Königsberg. Tofauti ni mm 3.4 tu, na kutu pamoja na rangi ya miaka mingi mdomoni vinaweza kuimeza. Tumia kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo), ipenyeze ndani kidogo kupita ukingo ulioliwa, na upime mara mbili, wima na ulalo. Kisha pima urefu. Alama L/40 ya Wajerumani huhesabu mtutu wote, kuanzia nyuma kabisa hadi mdomoni: 40 mara mm 105, sawa na m 4.2. Kwa 1/200 ni mm 21. Waingereza kwa kawaida huhesabu urefu wa tundu la ndani peke yake, kwa hiyo usihamishe hesabu ya upande mmoja kwenda mwingine.

Unene wa nje uchukue kwa uzi: zungushia mtutu, pima uzi, gawa kwa 3.14. Fanya hivyo mdomoni, katikati, na kila mahali mtutu unapobadilika unene. Hicho ndicho kipimo kinachokosekana kwenye michoro mingi, na ndicho kinachofanya mtutu wa modeli uonekane kama mzinga badala ya kijiti kilichonyooka.

Hapo ndipo faida inapoishia. Kitako, ngao na magurudumu ya kulengea ya melini usitegemee kuvipata pale. Mizinga mingi ilipotolewa Rufiji ilifungiwa magari ya magurudumu ili ivutwe nchi kavu. Kitako cha melini kitafute kwenye picha za sitaha, hata za kruza nyingine za Kijerumani za wakati huo, maana mzinga wa sm 10.5 SK L/40 ulitumika kwenye nyingi.

Nina picha moja nzuri ya ubavuni. Nipimeje kimo cha dohani na milingoti kutoka kwenye picha?
*Msomaji, Unguja*

Tumia mstari wa maji kama rula. Tuseme kwenye nakala yako una mm 230. Gawa m 114.8 kwa 230: kila milimita ni karibu nusu mita. Kitu chenye kimo cha mm 20 pichani ni m 10 melini, na mm 50 kwenye modeli ya 1/200.

Hesabu hiyo ni ya kweli pale tu meli inapokuwa ubavu kamili. Ikigeuka nyuzi 15, urefu wake pichani unapungua hadi asilimia 96.6, lakini vimo havipungui. Rula yako imefupika, kwa hiyo dohani zitakutokea ndefu kuliko kweli kwa asilimia 3.5. Kwa nyuzi 20 kosa linapita asilimia 6. Hii ndiyo sababu ya kawaida ya modeli kuwa na milingoti mirefu isiyoelezeka.

Namna ya kuligundua: tazama foromali, boriti inayokingama kwenye mlingoti. Meli ikiwa ubavu kamili, foromali unaiona kwa kichwa, kama nukta. Ikionekana kama mstari, meli imegeuka. Tazama pia mizinga miwili ya omo: wa mbali unatakiwa kujificha nyuma ya wa karibu. Ukichomoza mbele au nyuma yake, picha hiyo itumie kwa maumbo na mpangilio, si kwa vipimo.

Mwili upakwe kijivu au nyeupe? Kwenye picha dohani zinaonekana nyeusi kuliko mwili.
*Msomaji, Dar es Salaam*

Meli za Kijerumani zilizokaa ng’ambo, kama kikosi cha Qingdao huko China, zinajulikana kwa mwili mweupe na dohani za njano iliyokolea. Zilizokuwa nyumbani zilikuwa za kijivu. Königsberg ilitoka Kiel Aprili 1914. Usiipake rangi za Qingdao kwa kuwa tu ilikuwa nchi ya joto. Picha yenye tarehe ndiyo itakayoamua.

Picha hizo zisome kwa uangalifu. Filamu nyingi za wakati ule hazikuona nyekundu, na njano ziliifanya nyeusi kuliko jicho linavyoiona, huku buluu zikiififisha. Dohani nyeusi pichani inaweza kuwa ya njano. Kipimo kizuri ni bendera ya vita ya Kijerumani, kama inaonekana: pembeni juu ina mistari mitatu, mweusi, mweupe na mwekundu. Mwekundu ukionekana mweusi sawa na mweusi wenyewe, filamu hiyo haikuona nyekundu, basi usikisie rangi yoyote ya joto kutoka humo.

Kuhusu Rufiji: picha nyingi za mabaki zilipigwa baada ya mizinga kuondolewa, na tangu 1924, haki ya uokoaji iliponunuliwa na aliyekuwa nahodha wa Pegasus, viliondolewa vingine. Usiondoe kitu kwenye modeli ya Julai 1915 kwa sababu hakipo kwenye picha ya mwaka 1925.

Modeli yangu haina sehemu ya chini ya maji. Nikate wapi?
*Msomaji, Muscat*

Inategemea makaa ya mawe. Uzito wa kawaida wa meli ni tani 3,390, ikijaa ni tani 3,814. Tani hizo 424 za tofauti, kwa makadirio ya eneo la mwili kwenye mstari wa maji, huizamisha karibu sm 40, yaani mm 2 kwenye 1/200. Jicho linaona mm 2. Meli iliyotoka kuchukua makaa, kama Königsberg ilivyoyachukua kutoka City of Winchester, meli ya Waingereza ambayo iliikamata karibu na Oman Agosti 1914, iweke chini. Ya Rufiji, iliyokuwa na uhaba wa makaa, iweke juu.

Mimi nataka Graf von Götzen. Nimepiga picha nyingi za Liemba hapa Kigoma. Zinatosha?
*Msomaji, Kigoma*

Kwa umbo la mwili, zitakusaidia sana: ni meli ileile, iliyojengwa Papenburg, ikaletwa kwa vipande, ikashushwa Ziwa Tanganyika Februari 1915. Kwa vya juu ya sitaha, hapana. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, Waingereza wakaiibua na kuirudisha kazini mwaka 1927 kama Liemba, na katika miaka ya 1970 mitambo ya mvuke ikabadilishwa kwa dizeli. Picha zako zitumie kwa viungo vya mabati, misumari ya ribiti na mkunjo wa omo. Vyumba na dohani vitoe kwenye picha za 1915 na 1916. Na ujue tarehe ya mzinga: mmoja wa ile kumi ya Königsberg ulifungwa humo, kisha ukaondolewa.

Nyaraka za asili ziko wapi, na nikiandika niombe nini?
*Msomaji, Nairobi*

Kumbukumbu za jeshi la majini la Kijerumani ziko Freiburg, kwenye Bundesarchiv (hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani), katika mafungu yanayoanza na herufi RM. Picha za Walther Dobbertin, aliyepiga sana Tanganyika ya Wajerumani, ziko kwenye hifadhi hiyohiyo katika fungu Bild 105, na nyingi zinaonekana mtandaoni bure. Chuo Kikuu cha Frankfurt kina mkusanyiko mkubwa wa picha za makoloni, nao uko mtandaoni. Kwa upande wa Waingereza, nenda National Archives (hifadhi ya nyaraka ya taifa), Kew, London: ADM 53 ni daftari za safari za meli, ADM 137 ni nyaraka za vita ile. Daftari za Severn na Mersey, meli za Waingereza zilizoimaliza Königsberg, zitakupa saa, hali ya maji na mahali, si vipimo vya adui.

Barua yako iwe fupi: jina la meli na mwaka iliposhushwa, miaka unayoitaka, na aina ya mchoro (ubavu, sitaha, mataruma). Kabla ya kulipia nakala, uliza mambo matatu: mchoro una skeli iliyochorwa, umeandikwa mwaka gani wa marekebisho, na karatasi ya asili ina urefu gani. Jibu la swali la tatu liandike nyuma ya nakala siku hiyohiyo, maana faili likishapita kwenye kompyuta mbili tatu hakuna tena anayeweza kujua.